Dumu Lililosogezwa Kando

Aliyepata kuishi katika nyumba za kambi anaujua mstari wa madumu kwenye bomba la maji. Mwenyewe huliacha dumu lake hapo alfajiri, akaenda kuwasha moto na kuwaamsha watoto, wala zamu yake haimpotei. Lakini dumu lililotoboka likifika bombani, watu hulisogeza kando ili walio nyuma wasicheleweshwe. Kitendo hicho hakina ubaya. Ubaya huja pale mwenye dumu asipopelekewa habari, naye akafika magharibi akitegemea maji ya kupikia.

Nimelikumbuka bomba hilo kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Jeshini nilitumikia mawasiliano, kazi yangu ikiwa kupokea na kupeleka ujumbe kwa redio ya upepo. Baada ya kustaafu niliajiriwa na kampuni moja mjini Kampala, nikakabidhiwa programu ya kompyuta inayopitisha maombi ya malipo kutoka meza hadi meza.

Siku hizi faili halibebwi na tarishi. Karani akiisha kuliandika ombi, programu hutoa ujumbe unaokwenda kukaa katika foleni ya mkaguzi. Mkaguzi akikubali, hutoka ujumbe mwingine wa kwenda kwa mhasibu, kisha benki. Kila kituo humchukua aliyetangulia, na kikimaliza hurudisha neno la kukiri. Lisiporudi, ujumbe haufutwi, bali hurudishwa foleni ukajaribiwe tena. Utaratibu huo haukunishangaza. Redioni nasi hatukuhesabu kwamba ujumbe umefika mpaka mwenzetu wa upande wa pili akiri, na saa ya kukiri kwake tuliiandika daftarini.

Sasa upo ujumbe wenye kasoro, ambao hata ukijaribiwa mara mia hautapita. Ukiachwa mbele, huwazibia njia wote. Kwa hiyo niliamuru kwamba ukishindwa mara 3 uwekwe katika foleni ya pembeni. Mafundi huiita foleni ya barua zilizokufa, na jina hilo asili yake ni posta. Posta ya Marekani ilianzisha ofisi ya barua zilizokufa mwaka 1825, na makarani wake walizifungua barua zisizo na njia ili wapate kumtambua mwenyewe. Wale walifungua. Mimi sikufungua kwa muda wa wiki 11.

Ndipo alipokuja mjane wa sajenti mmoja tuliyetumika pamoja. Marehemu naye, baada ya kuvua magwanda, alikuwa mlinzi wa kampuni ile, na mkewe alikuwa akidai haki zake. Hiyo ilikuwa mara yake ya nne kukaa kwenye benchi la mapokezi.

"Shemeji," aliniambia kwa upole, "kila nikija naambiwa mambo yangu yamo kwenye mashine. Je, mashine hiyo haina mtu?"

Nilikosa la kumjibu. Nikaketi nikaifungua foleni ya pembeni, na humo nikakuta ujumbe 37, wake ukiwa miongoni. Namba ya akaunti yake ilianza kwa sifuri. Jedwali lililotumiwa kuziandika namba hizo liliichukua kama hesabu ya kawaida, likaiondoa sifuri ya mwanzo, na benki ikakataa mara 3. Kwa sifuri moja tu.

Kwa haya niliyokuwa nayo, nilitaka kuusukuma ujumbe wote 37 kwa mara moja. Ashukuriwe Mungu nilisita. Watu 2 kati ya hao walikwisha kulalamika kwa sauti kubwa kuliko shemeji yangu, wakalipwa kwa hundi, ningewalipa tena. Programu za namna hii kwa kawaida huahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja, na hilo ni tofauti na kuahidi kwamba utafika mara moja tu. Ikabidi kila namba ya ombi ilinganishwe na daftari la malipo, moja baada ya moja. Kazi hiyo ilinichukua siku moja na nusu, na chai sikuikumbuka.

Mkuu wangu alishauri tuunde foleni ya dharura. Nilimweleza kwamba redioni tulikuwa na madaraja ya haraka, na daraja la juu lilikuwa na maana kwa sababu wachache tu waliruhusiwa kulitumia. Kila mtu akiandika "haraka", foleni ni ile ile. Kilichohitajika ni mkaguzi wa pili. Bwana A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alichapisha mwaka 1909 maandishi yaliyofungua njia ya hesabu za foleni, na hesabu hizo zinatisha. Mkaguzi awezaye kumaliza maombi 10 kwa saa, akiletewa 8 yasiyo na mpangilio, kila ombi hukaa kwake kwa wastani wa nusu saa. Akiletewa 9, ni saa nzima. Akiletewa 9 na nusu, ni saa 2. Mtu huyo si mvivu. Ni kwamba hakuachiwa nafasi ya kupumua. Mkaguzi wa pili alipatikana, na sasa aendaye likizo humtaja katika programu wa kushika zamu yake.

Foleni ya pembeni naifungua mwenyewe kila asubuhi saa mbili, na idadi niliyoikuta naiandika kwa kalamu katika daftari, kama zamani.

Shemeji alilipwa wiki ile ile. Alikuja kunishukuru, jambo lililonitia uchungu zaidi, akiwa amefuatana na binti yake wa kidato cha pili. Nilimwuliza mtoto habari za masomo. Akainama, mama yake akajibu kwa niaba yake: muhula uliopita alikaa nyumbani, maana karo haikuwapo. Mwaka huu anarudia darasa.