“Shall”: Deni, Amri au Utabiri?

Kiingereza kina neno la herufi tano lililobeba dola nzima mgongoni: “shall”. Limo katika katiba, katika mikataba ya madini, katika masharti ya mkopo wa benki na katika barua za ajira. Wanafunzi wangu hulisoma upesi, kama mtu arukaye kidimbwi cha maji njiani, wakiamini kwamba wanalijua kwa kuwa walifundishwa sekondari kuwa ni alama ya wakati ujao. Leo naomba, ndugu msomaji, tusiruke.

Sarufi ya Kiingereza tuliyofundishwa sisi wa umri wangu ilikuwa na mambo ya ajabu. Mtu akijisema mwenyewe kwa “shall”, anatabiri tu: kesho nitasafiri. Akimsema mwingine kwa neno lilelile, hatabiri tena. Anaamuru au anaahidi. Mzazi amwambiaye mwanawe “you shall go” hatoi habari za kesho, anafunga mjadala. Halafu mtu akiuliza “shall we?”, utabiri umekwisha na amri imekwisha, umebaki mwaliko, na Kiswahili kinajibu kwa neno moja tu: twende. Katika Biblia ya Kiingereza cha kale Amri Kumi zimeandikwa kwa neno hilihili. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili hawakunaswa. Hawakuandika “hutaua”. Waliandika “usiue”, na kila mtoto wa mafundisho akaelewa kwamba Mungu hatabiri, anakataza. Laiti wafasiri wa sheria zetu wangekaa siku moja na wale wafasiri wa Biblia.

Asili ya neno hili inafunza zaidi. Wataalamu wa historia ya Kiingereza wanatuambia kwamba “shall” lilitokana na kitenzi cha kale kilichokuwa na maana ya kudaiwa. Kuna undugu kati yake na neno la Kijerumani “Schuld”, ambalo hadi leo lina maana ya deni na pia ya hatia. Aliyesema “I shall” zamani hizo alikuwa anasema: nadaiwa jambo hili. Jirani yake, “will”, alizaliwa katika nyumba nyingine kabisa, nyumba ya kutaka. Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa na njia mbili za kuelekea kesho, moja ya deni na nyingine ya hiari.

Na Kiswahili? Kiambishi chetu cha wakati ujao, “-ta-”, wanaisimu wanakihusisha na kitenzi “kutaka”. Ushahidi wake haujafutika: tunasema “atakuja”, lakini tukiweka kirejeshi tunasema “atakayekuja”, na pale kitenzi cha zamani kinachungulia dirishani. Sasa tazama linalotokea mfasiri anapochukua “shall” ya sheria na kuiandika “-ta-”. Ameingia kwenye nyumba ya deni akatoka kupitia nyumba ya kutaka. Mdaiwa amegeuka kuwa mtu mwenye nia.

Mtu atasema kwamba asili ya maneno ni mambo ya maktabani, kwamba hakuna mwananchi anayesikia “kutaka” ndani ya “itajenga”. Ni kweli, hasikii. Lakini anasikia utabiri. Serikali itajenga, Waziri atachapisha, Halmashauri itahakikisha: masikio ya Mswahili yanapokea maneno haya kama yanavyopokea “mvua itanyesha”. Ikinyesha tunashukuru. Isiponyesha hatumshitaki mtu.

Sheria yetu imejaribu kuliziba pengo hili. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu cha 53 inasema kwamba “may” ikitumika kumpa mtu mamlaka, ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia. Na “shall” ikitumika kumpa mtu jukumu, ni lazima jukumu hilo litekelezwe. Ukisoma hapo unaweza kudhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba “shall” iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si ya lazima kila mahali, bali isomwe pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo, ambacho hakiruhusu uamuzi kutenguliwa kwa sababu ya kasoro ya utaratibu isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki kutotendeka. Sina ugomvi na mantiki yake. Kesi ya mauaji haiwezi kuanguka kwa sababu karani alisahau mhuri. Ninachouliza ni kasoro za nani zinazosamehewa kwa njia hiyo. Wanaoelekezwa na “shall” nyingi za sheria ile ni polisi, mahakimu na waendesha mashitaka. Anayekaa kizimbani hana “shall” nyingi za kusamehewa.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 waliiweka “shall” kando, ingawa ilikuwa imejaa katika katiba ya mpito ya 1993, wakaandika “must”, yaani lazima. Marekani nao walipoziandika upya kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho mwaka 2007, walilifukuza neno hili kwa sababu lilikuwa na maana nyingi mno. Katika kanuni ya 56 waliweka “should” mahali pake, neno lenye sauti ya ushauri. Mwaka 2010 wakairudisha “shall” palepale. Miaka mitatu ya majaji na mawakili kujadili iwapo jaji analazimika au anashauriwa!

Turudi nyumbani, kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kufanya kazi, haki ya elimu, na haki ya kupata ustawi wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Kitenzi kinachoibeba ni “itaweka”: Mamlaka ya Nchi itaweka utaratibu unaofaa. Kwa nje ni wajibu. Kisha rudi nyuma usome ibara ya 7(2), isemayo kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. “-ta-” ya kwanza inamfungulia mzee mlango, na “-ta-” ya pili inaufunga mlango huohuo. Tofauti ni kwamba ya pili hutekelezwa kila siku bila bajeti.

Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alihamishwa wilaya kwa barua ya kurasa mbili, na katika aya ya mwisho iliandikwa kwamba atalipwa stahili zake za uhamisho kwa mujibu wa taratibu. Alihama na familia, vitanda, kuku na baiskeli, kwa lori alilokodi kwa fedha za kuuza mahindi. Alifuatilia malipo hayo mpaka akastaafu. Kila alipokwenda ofisini hakuambiwa hata mara moja kwamba hadai, aliambiwa atalipwa. Siku moja nilimkuta barazani ameishika ile barua, imekwisha kuwa laini kama kitambaa. “Mjomba,” aliniambia, nasi huitana hivyo kwa mila zetu, “wewe ndiye msomi. Hebu nionyeshe uwongo katika barua hii.” Niliisoma yote. Uwongo haukuwemo. “Atalipwa” haiwezi kuwa uwongo maadamu kesho ipo.

Barua hiyohiyo ilikuwa na sentensi nyingine: atatakiwa kuripoti katika kituo kipya ndani ya siku 14, na asipofanya hivyo atachukuliwa hatua za kinidhamu. Nayo ilikuwa na “-ta-”. Lakini iangalie ilivyovaa: ina siku, ina mahali, ina adhabu. Hivyo ndivyo sheria zetu zinavyoongea na mwananchi. Mtu yeyote atakayefanya jambo fulani atakuwa ametenda kosa, na akipatikana na hatia atawajibika kulipa faini au kutumikia kifungo. Hapo hakuna anayesikia utabiri wa mvua. Kiambishi ni kilekile. Kinachotofautiana ni askari aliyesimama nyuma yake.

Ndiyo maana mwanafunzi mmoja, msichana wa mwaka wa pili asiyependa majibu mepesi, alinibana darasani. Nilikuwa nimependekeza kwamba tuondoe “-ta-” katika sheria na tuweke “lazima”. Akauliza: “Mwalimu, tukishaandika ‘lazima’, nani atamlazimisha?” Darasa likacheka, mimi nikavuka mpaka kwenda Kenya.

Katiba ya Kenya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Ibara za 27 na 81 zinasema, kwa “shall”, kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa. Kabla ya uchaguzi wa 2013 Mahakama ya Juu iliulizwa kama “shall” hiyo ni ya sasa au ya baadaye. Desemba 2012 majaji walio wengi walijibu kwamba neno hilo huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi yenyewe iko wazi na inaweza kutekelezwa mara moja bila kupitia hatua. Kwa jambo hili wakatoa muda hadi tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake, amri ilikuwa amri tangu siku ya kwanza. Mimi niko upande wa Mutunga, lakini tuwape wale wengine haki yao: angalau waliweka tarehe.

Tarehe ikapita. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikalipa Bunge siku 60 litunge sheria. Nazo zikapita. Kikabaki kifungu kimoja, nacho ni kikali kuliko vyote ninavyovijua katika ukanda wetu: ibara ya 261(7), isemayo kwamba Bunge likishindwa kutunga sheria iliyoagizwa, Jaji Mkuu “shall” kumshauri Rais alivunje, na Rais “shall” kulivunja. Hapa “shall” mbili zimefungwa kamba moja, ya kwanza ikiivuta ya pili. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga aliitimiza ya kwanza. Alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta barua ya kumshauri alivunje Bunge. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo kwa muda. Rais hakulivunja. Bunge likamaliza kipindi chake, wabunge wakarudi kwa wananchi katika uchaguzi wa Agosti 2022, na wanawake katika Bunge la Taifa wakabaki chini ya theluthi moja.

Nilipomaliza kusimulia, yule msichana alisema kwamba nimemjibu kwa kumkubali. Sivyo kabisa. Maraga aliweza kuandika barua ile kwa sababu maneno ya ibara hayakumwachia kichochoro. Yangeandikwa kwa “may”, barua isingekuwepo na hakuna ambaye angeona pengo. “Lazima” haimlazimishi mkaidi, lakini inamnyima pa kujificha. Mjomba wangu angekuwa na barua iliyoandikwa “lazima alipwe kabla ya siku 30 kupita”, kuanzia siku ya 31 angekuwa na kesi, si matumaini.

Nayasema haya sasa kwa sababu kazi ipo mezani. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na maofisa, baadhi yao wasomaji wa safu hii, wanahamisha maelfu ya “shall” kutoka Kiingereza. Kwenu ninyi nina neno. Kiswahili si maskini wa maneno ya deni: tuna lazima, wajibu, sharti, faradhi, na “hana budi”, ambalo nalipenda ingawa ofisini linasikika kama riwaya. “Anapaswa” liogopeni, lina upole wa “should”, na tumeona Wamarekani lilikowafikisha. Na si kila “shall” ni deni. Pale Kiingereza kinaposema “there shall be” kuanzisha tume au mfuko, hakuna anayedaiwa. Andikeni “inaanzishwa”, mambo yaishe. “May” nayo ina mtego wake, maana “Waziri anaweza” ni uwezo, ni ruhusa na ni hiari, vyote kwa pamoja. “Kwa hiari yake” ni maneno matatu tu ya ziada.

Wiki ijayo darasa langu halitasoma katiba. Tutasoma kanuni za mitihani za chuo chetu wenyewe, nami nimekwisha kuzipitia kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi lazima awe ukumbini dakika 30 kabla ya mtihani kuanza. Mhadhiri atarejesha matokeo kwa wakati muafaka.