Aspirini ya Mwaka Mzima

Jumanne, 4 Juni 2024, Dodoma
Mzee mmoja mstaafu kaja famasi jioni. "Mwanangu, nipe aspirini ya mwaka mzima." Ana homa ya ini B, na kasikia aspirini inazuia saratani ya ini. Sikumuuzia. Nimemwomba arudi Ijumaa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeusoma utafiti wenyewe. Ni wa Sweden, 2020, wagonjwa 50,275 wa homa ya ini B na C. Ndani ya miaka 10, saratani ya ini iliwapata asilimia 4.0 ya waliomeza aspirini ya dozi ndogo, na asilimia 8.3 ya wasiomeza. Si tofauti ya kupuuza. Ila haikuchezeshwa bahati nasibu nani ameze na nani asimeze. Aspirini ya namna hiyo huandikwa zaidi kwa ajili ya moyo, na daktari makini hampi mtu ambaye ini lake limejaa makovu na mishipa ya umio imevimba, asije akatapika damu. Basi huenda waliomeza walikuwa na afadhali tangu mwanzo. Watafiti wamejitahidi kulisawazisha hilo kwa hesabu, lakini mimi sijashawishika kiasi cha kumfungia mzee kopo. Statini za kolesteroli na metformini ya kisukari nazo zina habari nzuri za aina hiyohiyo, na shaka ileile.

Tenofovia ndiyo inayonikera. Dawa hiyo inakizuia kirusi cha B kuzaliana, na saratani inapungua. Imo ndani ya TLD, kidonge wanachopewa bure wenye VVU pale CTC, kliniki yao ya matunzo na tiba. Ini lao linalindwa bila hata mtu kulitaja. Lakini mwenye B peke yake, asiye na VVU, anakuja kwangu kuulizia aspirini.

Ijumaa, 7 Juni
Kumbe mzee ana vidonda vya tumbo! Nimemwelekeza hospitali ya mkoa akapimwe wingi wa virusi na ultrasaundi. Nikamuuliza na mahindi anayahifadhi vipi, maana sumukuvu iliua watu huku na Manyara 2016, na kwa mwenye B hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Kanuna. "Nimekuja kununua dawa, unaniuliza ghala."

Jumamosi, 22 Juni
Kaja na mkewe. Majibu ya virusi bado. Nimewaambia mama naye apimwe, na kitinda mimba wao wa 1998 pia, maana chanjo ya B kwa watoto wachanga hapa nchini ilianza 2002.