Tarehe 30 Februari

Wiki iliyopita niliandika programu ndogo kwa lugha ya Haskell. Kazi yake ni kukataa tarehe isiyokuwepo. Ukiandika 31 Aprili, kompaila inagoma: kosa linakamatwa kabla programu haijaanza kufanya kazi. Nilijivuna, nikamwita bibi aje aone.

"Haya, weka yangu," akasema. Nikaandika 1 Januari 1948, kama ilivyo kwenye pasipoti yake. Ikapita. Bibi akacheka: "Mjukuu wangu, mimi nilizaliwa masika. Hiyo Januari ni ya karani."

Nikajaribu 30 Februari 1712. Ikakataliwa. Lakini hapa Uswidi siku hiyo ilikuwepo! Mwaka 1700 Waswidi waliifuta 29 Februari, wakitaka kuhamia kalenda ya Gregori polepole. Mwaka 1704 na 1708 hawakuifuta, mpango ukavurugika. Ili warudi kwenye kalenda ya zamani, mwaka 1712 waliongeza siku mbili, Februari ikafika 30. Walihama kabisa mwaka 1753.

Kwa hiyo kompaila yangu ilikubali uongo, ikakataa ukweli. Siilaumu, inajua sheria nilizoipa tu.

Jana nimeongeza aina ya pili ya tarehe: msimu na mwaka, bila siku. Sasa kila mahali programu inapoulizia siku ya kuzaliwa, kompaila hainiachii mpaka nieleze itakuwaje kwa mtu asiye na siku. Bibi amejiandika mwenyewe: Masika, 1948.