‘Tutakula mbele’ ilivyotaka kuniponza

Kila ifikapo Desemba, sisi watu wa Kaskazini tunaoishi Dar es Salaam hatuhitaji kukumbushwa. Watani wetu Wachaga wanasema wanakwenda “kuhesabiwa”. Sisi Wapare hatuna jina la safari hiyo, ila nasi tunapakia mchele, madumu ya mafuta, nguo za sikukuu na watoto, tunaelekea milimani. Kwetu ni Usangi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanga mjini ni kilomita kama 500, kisha ndipo unaanza kupanda mlima.

Kwa miaka mingi nilijivunia jambo moja: sikuwa mtu wa kusimama njiani. Nilikuwa natoka nyumbani saa 11 alfajiri, na nikifika kijijini jambo la kwanza kuwaambia ndugu zangu ni saa nilizotumia. Mke wangu akiuliza tutakula wapi, jibu langu lilikuwa moja: “Tutakula mbele.” Watoto walishalizoea. Mdogo alikuwa akiniigiza hata nyumbani, mama yake akimwita mezani, naye anajibu kwa sauti nzito, “Tutakula mbele.” Tulicheka.

Nadhani nilipata tabia hiyo kwenye mabasi. Nilipokuwa mwanafunzi nikisafiri peke yangu, basi lilikuwa likisimama mara moja tu kwa ajili ya chakula, na utingo anatangaza, “Dakika kumi na tano!” Unakimbilia foleni, unalipia kuku na chipsi bei ya kuruka, na kabla hujatia chumvi honi inalia. Mara ngapi nimeacha chai ya moto mezani kwa sababu haikunyweka? Kusimama pengine kulikuwa kwa kuchimba dawa tu, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nilipopata kigari changu nilijiapiza kwamba hakuna atakayenipigia honi tena. Sikujua kwamba honi nimehamia nayo, na sasa ninayeipiga ni mimi.

Halafu kuna ubahili. Watani wetu husema Mpare anaweza kuuza ng’ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Sitabisha sana. Kununua sahani tano za chakula barabarani wakati nyumbani kuna makande yanatungoja niliona ni kutupa fedha.

Desemba moja, miaka michache iliyopita, tulisafiri na mama yangu. Baada ya baba kufariki alihamia kwetu Dar es Salaam, na hospitali walimgundua ana kisukari. Alikuwa akichoma sindano asubuhi na jioni, na kwa hilo alikuwa mwangalifu kuliko askari. Siku ya safari alichoma sindano yake kama kawaida saa 10:30 alfajiri. Chai alikunywa nusu kikombe na kipande kimoja cha mkate, maana mimi nilikuwa nimeshawasha gari.

Mke wangu alikuwa amefunga chakula: maandazi, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Mimi ndiye niliyepakia mizigo. Kapu la chakula nililiweka kwanza, kisha juu yake masanduku na mfuko wa mchele. Kulitoa ilibidi ushushe buti zima.

Chalinze tulifika saa 1:30. Moshi wa mishikaki, vijana wa korosho na mayai wakakimbilia madirishani. Mke wangu akasema, “Tusimame hapa, mama apate supu.” Nikasema tutakula Segera. Mkata nikasema Segera. Segera nikasema Korogwe. Korogwe nilikuwa nimeshayapita mabasi matatu, na nikiri leo kwamba sababu ya kutosimama Korogwe ilikuwa hayo mabasi. Sikutaka yanipite.

Mama alikuwa nyuma na wajukuu. Mara zote nilipouliza, “Mama, uko salama?” alijibu, “Niko salama, mwanangu. Endesha.”

Tulikuwa kati ya Korogwe na Mombo, mkonge huku na huku, Milima ya Usambara upande wa kulia, mdogo akasema, “Baba, bibi anaongea na nani?” Nikasikiliza. Mama alikuwa anaongea Kipare, taratibu, na jina alilokuwa akilitaja ni la marehemu baba. Mke wangu aligeuka, akamshika mkono. “Simamisha gari,” akasema. “Ameloa jasho. Simamisha!”

Nilisimama mbele ya banda la mama lishe, turubai na mabenchi mawili. Nikaenda nyuma ya gari, nikaanza kushusha mizigo kulitafuta kapu. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko ya mama. Yule mama lishe akaja, akachungulia dirishani, akauliza swali moja: “Ana sukari?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Acha mizigo, kaka,” akarudi ndani, akaja na kikombe cha maji aliyokoroga sukari. Alihakikisha kwanza kwamba mama anaweza kumeza. Akamnywesha kidogo kidogo, huku akimwambia, “Kunywa, mama. Kunywa tena.” Baadaye alituambia mama yake mzazi naye alikuwa na ugonjwa huo.

Zilipita kama dakika 15. Sijawahi kuona dakika ndefu namna ile. Kisha mama akatutazama mmoja mmoja, akauliza, “Tumefika?”

Alipewa wali na maharage, akala wote. Sote tulikula. Tulipomaliza nilitaka kumpa yule mama fedha nyingi, akakataa. Alihesabu sahani tano na chai, akasema, “Sukari siuzi.”

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari nilimuuliza mama kwa nini hakusema. Akajibu, “Sikutaka kukuchelewesha.”

Mpenzi msomaji, jibu hilo nimeishi nalo tangu siku hiyo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nami nilikuwa naulizia uji huku nimeshika usukani. Mzee aliyezoea kuwatanguliza watoto wake hatakuambia ana njaa, hatakuambia amebanwa na haja ndogo, hatakuambia miguu imevimba. Ukimuuliza kama yuko salama atakwambia yuko salama. Simama tu.

Sasa safari yetu ina vituo, na aliyevipanga ni mama mwenyewe. Tulirudi kliniki yake, tukauliza namna ya kupanga sindano na chakula siku ya safari, na ninashauri kila mwenye mgonjwa wa sukari afanye hivyo kabla ya kufunga mizigo. Kwenye mfuko wa mlango wa gari hukaa soda na pakiti ya biskuti. Kapu la chakula linapakiwa mwisho.

Kituo cha kwanza ni Chalinze, kwa supu. Pale asubuhi supu ya ng’ombe au mbuzi ipo jikoni inachemka, na chapati zinatoka kwenye kikaango. Kuna mwaka tulipitia Bagamoyo na kutokea Msata, tukakosa Chalinze, lakini tukapita Kiwangwa kwenye mananasi. Watoto walipiga kura: mwaka mmoja supu, mwaka mmoja mananasi.

Baada ya Kabuku kuna mahali panaitwa Michungwani, na jina linajieleza. Tukisafiri Juni, wakati wa likizo, machungwa yako kwenye matenga kando ya barabara hadi Segera. Desemba unapata zaidi maembe. Mama huchagua moja moja, ananusa, anabishana bei kwa heshima, na hapo hakuna anayethubutu kuwasha gari. Ushauri wangu ni kununua matunda mazima mkamenya wenyewe kwa kisu chenu. Yaliyomenywa na kupigwa vumbi tangu asubuhi yaacheni.

Mombo ndipo tunapokula chakula cha mchana. Mabasi mengi husimama pale, hivyo usishangae kukuta foleni. Sisi tunaingia kwenye migahawa midogo ya pembeni, wanakokula madereva wa malori. Dereva wa lori hupita njia ile wiki hadi wiki, na akiumwa tumbo anapoteza kazi, kwa hiyo hali mahali asipopaamini. Tukiingia hatuulizi orodha ya vyakula, tunauliza, “Kipi kiko tayari, na ni cha moto?” Ukiagiza kuku wa kukaanga asiyekuwapo utangoja saa nzima. Naangalia pia maji ya kunawa na choo. Mahali penye sabuni, mara nyingi na jikoni pako sawa. Na bei iulizwe kabla ya kunawa. Mombo ni njia panda ya Lushoto, hivyo tunaondoka na karoti na kabichi zilizoteremka milimani, zawadi za nyumbani.

Kuanzia hapo nchi inakauka. Mibuyu, mbuzi, upepo wa moto, na vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila penye makazi, ambavyo ukividharau trafiki atakukumbusha. Hedaru na Makanya tunapita bila kula. Same tunasimama kwa makande. Najua nyumbani yapo. Lakini mama anasema makande ya Same ndiyo yanayomwambia kwamba amefika Upareni: mahindi na maharage yaliyoiva hadi yakakubali, na kitunguu tu. Mwanaye mkubwa wa kike, dada yangu, hutuagiza tangawizi ya milima ya Same, nayo tunaichukua hapo hapo.

Cha mwisho ni Mwanga, samaki wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Tunanunua perege waliokaangwa, tunawafunga kwenye gazeti, na harufu yao inapanda nasi mlimani hadi Usangi. Tukifika, majirani wanajua tumekuja kabla hawajatuona.

Safari iliyokuwa ya saa tisa sasa inakula saa 12, wakati mwingine 13. Gharama imeongezeka, sikatai. Lakini watoto, waliokuwa wakilala njia nzima kwa kukosa la kufanya, sasa wanaijua barabara kuliko mimi. Bibi huwasimulia nani aliolewa wapi, wapi treni ilikuwa ikisimama alipokuwa msichana, nani alikimbia njaa akashukia Korogwe kukata mkonge. Hadithi hizo alikuwa nazo miaka yote. Anazisimulia mezani, mbele ya sahani, na mimi nilikuwa sisimami mezani.

Na lile banda kati ya Korogwe na Mombo? Kila mwaka tulisimama pale, hata kama tumeshiba, mama anampelekea yule dada kitenge au mchele. Desemba iliyopita tulikuta pamekuwa peupe. Vibanda vyote vilivyokuwa kwenye hifadhi ya barabara vilikuwa vimeondolewa. Nikasema basi, tumuombee heri tuendelee. Mama akafungua mlango, akashuka.

Aliuliza kwa mwenye bodaboda, akauliza kwa muuza maji, akauliza kwa mwanamke aliyebeba kuni. Tukaelekezwa ndani, njia ya vumbi, nyuma ya msikiti. Tulimkuta chini ya mwembe, mabenchi yale yale mawili, turubai jipya. Alimtambua mama kabla yangu. “Shikamoo, mama. Leo umekula?”

“Marahaba,” mama akajibu, akavuta benchi. “Bado.”

Nikakaa nami. Kutoka pale unaiona barabara kuu kwa mbali. Tulipokuwa tunangoja wali uive nilihesabu mabasi sita yaliyotupita, na nikaagiza chai nyingine.