Ripoti Inasomwa Mbele ya Nani?

Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulianza na kalamu ya kijani. Nilipakua ripoti za mwaka za kampuni moja ya madini, nikawa napigia mstari kila sentensi iliyotaja maji, shule, zahanati au miti, kisha nahesabu. Orodha yangu niliitoa kwenye viwango vya GRI, ambavyo makampuni mengi duniani huvitumia kuripoti mambo ya jamii na mazingira. Kampuni ikapata alama za juu. Na mimi nikaanza kuinusa A yangu.

Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: "Hao walioandikwa humu, umewahi kuwaona?"

Kwetu ni Tunduma, na mgodi wenyewe uko mkoa wetu huuhuu wa Songwe. Sikuwa na kisingizio. Likizo ikanikuta fildi.

Kijijini nilimwamkia mzee mmoja, nikamwonyesha picha ya kisima kwenye ripoti. Akaitazama sana. "Ndicho hiki, mjukuu wangu. Pampu ilikufa mwaka uleule. Hilo nalo wameliandika?"

Hawakuliandika. Lakini ripoti haikusema uongo: kisima kilichimbwa kweli. Ila iliandikwa kwa Kiingereza, na mchota maji hakuwahi kuisikia. Mzee aliendelea kukiita kisima "msaada", wakati tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa. Halmashauri nayo inatakiwa isimamie utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Msaada unashukuriwa. Wajibu unaulizwa.

Niliporudi Tunduma nikamkuta mama kwenye kikoba. Sanduku lao lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Mweka hazina alikuwa anasoma daftari kwa sauti: nani kaweka, nani kakopa, nani hajarejesha. Mama mmoja muuza mchele akamkatiza: "Hapo rudia dada, mimi nilitoa elfu tano, siyo tatu." Wakarudia, wakasahihisha, wakaendelea. Hakuna aliyenuna.

Jamani, miaka mitatu nimesoma neno uwajibikaji darasani, nikalielewa siku ile: ni kusoma hesabu mbele ya mtu mwenye haki ya kukukatiza. Kalamu yangu ya kijani ilihesabu sentensi. Haikuuliza kama kuna mtu aliyepewa nafasi ya kusema "hapo rudia".

Nikaongeza sura nzima kuhusu hilo. Nimeshakabidhi, nimepata B+, na nakala iko maktaba.

Kuna jambo moja linaniwasha. Siku naondoka kijijini, mzee aliniuliza, "Na hiyo ya kwako tutaiona?" Nikajibu ndiyo, harakaharaka, nikapanda bodaboda. Utafiti wangu nao ni wa Kiingereza. Una maneno yake, na yeye hajayasikia. Tofauti yangu na ile kampuni ni kwamba mimi hata kisima sikuchimba.

Kwa hiyo kwenye bumu la muhula huu nimetenga nauli. Nimeandika kurasa mbili za Kiswahili, na mwenyekiti wa kijiji amenipa nafasi kwenye mkutano. Nitasoma kwa sauti, nikianza na pampu. Wakinikatiza, nitarudia.