Konokono wa Lambo na Konokono wa Ziwa

Safari yetu ilianzia Shinyanga, kwenye lambo lililo kando ya mashamba ya pamba. Akina mama walikuwa wakifua, watoto wakiogelea, ng'ombe wakinywa ng'ambo. Majanini tuliokota gamba la konokono, dogo, lenye ncha ndefu. Ukilisimamisha ncha juu, mlango wake uko kushoto. Huyo ni Bulinus. Lambo likikauka hujificha kwenye tope hadi mvua inyeshe. Yeye ndiye hubeba kichocho cha kibofu, kile cha mkojo wenye damu.

Tukapitia Mwanza na kuvuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani tungesubiri kivuko. Geita kila mtu huzungumzia dhahabu. Sisi tulishuka hadi Nkome, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kutafuta magamba.

Huku umbo ni jingine kabisa: bapa, limejiviringa kama kamba. Huyu ni Biomphalaria, abebaye kichocho cha matumbo. Nao hawafanani. Wa kwenye matete ni mpana na bapa. Wa maji ya wazi ni mdogo, mnene, mwenye mlango mkubwa. Kwa miaka mingi wataalamu waliwapa majina mawili, sudanica na choanomphala. Vipimo vya urithi vya miaka ya karibuni vimeonyesha kuwa katika ziwa hili ni aina moja. Makazi ndiyo huwapa maumbo tofauti.

Mama mmoja aliyekuwa akichota maji alitucheka. "Wabaya ni wale wa matete," alisema. "Hawa wadogo hawana neno." Kumbe wote wawili huweza kubeba vijidudu vya kichocho. Gamba halitoshi kumwambia mama maji yapi ni salama.

Tena, dada zetu, kuna jambo tunaloona haya kulisema. Kichocho cha kibofu huweza kuingia hata kwenye viungo vya uzazi. Mwanamke huwashwa, hutokwa damu baada ya tendo la ndoa, na wengine hukosa mtoto. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, na nyumba huingiwa na shaka pasipo kosa la mtu. Kabla ya kulaumiana, nendeni wote wawili kituo cha afya. Mweleze mganga kwamba ulikulia kando ya lambo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

Nyumbani, tuwafundishe watoto kutumia choo, wasijisaidie majini. Maji ya kuwaogeshea tuyachemshe, au tuyaache siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono. Ya kunywa tuyachemshe daima.

Magamba mawili tuliyorudi nayo yako mezani petu. Watoto wakiuliza mbona hayafanani, tunawasimulia habari za maji.