Ile video ya Lenana niliikata mahali pabaya

Wasee, wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya Mlima Kenya. Sekunde arobaini: jua kali Sirimon, zile lobelia refu za bondeni, halafu mimi nimesimama kwenye jiwe nacheka, ukungu nyuma yangu, na maandishi "Lenana, mita 4,985."

Sikusema nilifika. Sikusema sikufika pia. Niliwaachia mjijazie wenyewe, na mkajijazia.

Sikufika. Nimekaa na hii kitu karibu mwaka, na ningeendelea kunyamaza kama si ujumbe ulioingia inboksi wiki iliyopita. Dada mmoja, amemaliza shule juzi juzi, aliniandikia: wako wanane, wameiona video yangu, wanapanda wikendi ya Pasaka, je, nilivaa jaketi gani?

Wikendi ya Pasaka ndiyo niliyopanda mimi.

Na kinachoniuma ni kwamba mimi sikuwa na sababu. Chuo nilishaacha, sina bosi, ningeweza kwenda Jumanne yoyote ya Februari. Nilichagua Pasaka kwa sababu watu wako nyumbani na simu mkononi, video itatembea. Nilipanga safari nikiangalia kalenda ya watazamaji. Ya mlima sikuifungua.

Ya mlima iko hivi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna madirisha mawili: Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba hivi. Pasaka mara nyingi huangukia Aprili, masika yenyewe. Mvua ikinyesha bondeni, kule juu inaanguka theluji, inafunika njia na mawe yanateleza. Kuna Muitaliano, Felice Benuzzi, alikuwa mfungwa wa vita Nanyuki. Mwaka wa 1943 alitoroka kambini na wenzake wawili, wakaenda kupanda mlima na vifaa vya kujitengenezea. Batian iliwashinda, Lenana wakafika, wakaacha bendera yao huko, halafu wakarudi kambini wenyewe kufungwa tena. Hao jamaa vichwa vyao sijui vilikuwaje, lakini walitoka Januari. Mimi na intaneti yangu nikatoka Aprili.

Si ati sikuangalia hali ya hewa. Niliangalia. Simu ikaniambia Nanyuki, manyunyu, digrii 14 usiku. Nikasema poa, hiyo ni baridi ya Limuru. Kumbe nilisoma hali ya hewa ya mji. Nanyuki iko kama mita 1,900, Lenana 4,985. Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6, kwa hivyo toa 18 hapo. Unabaki na digrii 4 chini ya sufuri, na bado hujahesabu upepo wala nguo iliyolowa.

Beste yangu alivaa jinsi na hudi ya pamba. Mimi ndiye nilimwambia zinatosha.

Tulitoka Shipton's saa tisa usiku kasoro. Kambini mvua, hatua mia chache juu ikageuka theluji ya majimaji, ile inashika nguo na kuyeyukia humo. Mnajua pamba ikilowa, huwezi kuikausha kwa mita 4,500. Baada ya saa moja na nusu hivi tukafika mahali hakuna jiwe la kujificha nyuma yake, upepo unatoka kila upande. Beste yangu alikuwa amenyamaza muda mrefu. Nilidhani ni uchovu. Mzee aliyekuwa akituongoza akammulika tochi usoni, akamwambia afunge zipu ya koti. Alijaribu. Vidole vilikuwa vinaigusa tu ile zipu. Akaulizwa mama yake anaitwa nani, akajibu, lakini polepole, ulimi mzito kama mtu aliyelewa.

Mzee akasema tunarudi.

Sasa hapa ndipo nilipokata video. Nilibishana naye. Dakika kumi nzima, kwenye ule upepo, nikisema mzee tumebakisha kidogo, mzee nimekulipa, huku beste yangu amesimama hapo kando anatuangalia. Mzee hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Kijana, unataka picha ama unataka kurudi na huyu?" Kisha akamshika mkono wakaanza kushuka bila kungoja jibu langu. Simu ilikuwa inarekodi. Ninayo hiyo sauti mpaka leo.

Kambini tulimvua nguo zote zilizolowa, tukamwingiza kwenye begi la kulalia, chai ya sukari nyingi. Kulipokucha akaanza kuongea vizuri. Asubuhi hiyo hiyo, chini kidogo ya kambi, ukungu umefunika kila kitu, nikasimama kwenye jiwe nikacheka. Yeye ndiye alinishikia simu.

Ile video ina watazamaji wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Yeye hajawahi kuilaiki, na sijamuuliza kwa nini.

Kwa hivyo yule dada nilimjibu hivi. Jaketi si swali la kwanza. La kwanza ni tarehe: sogezeni hadi Agosti. Piteni Sirimon, upande huo ni mkavu kuliko Chogoria, na Naro Moru kuna kile kinamasi cha mlimani, mvua ikinyesha unavuta buti kwa mikono. Wekeni siku moja ya ziada isiyo na kazi, ya kungojea mlima ufunguke na ya mwili kuzoea hewa nyepesi. Hata kiangazi, asubuhi huwa safi halafu kuanzia adhuhuri mawingu yanapanda kutoka msituni. Ndiyo maana watu hutoka usiku: uwe juu jua linapochomoza, saa kumi na mbili na nusu hivi, na uanze kushuka mapema. Saa nane mchana kwenye ule ukingo wa mawe, ngurumo zikianza, kitu kirefu zaidi hapo ni wewe. Muafikiane saa ya kugeuka mkiwa bado chini, na joto mwilini, muiandike, na mkubaliane kwamba mwenye kuongoza akisema basi, hakuna wa kubishana. Hasa yule mwenye kamera.

Halafu ndio jaketi: lisiloingiza maji, sufu au polista ndani, glavu jozi mbili. Jinsi iache nyumbani.

Nilimtumia pia ile sauti ya dakika kumi.

Jana usiku amejibu. Watano wamekubali Agosti. Watatu wanasema mvua ya Pasaka si ya kutisha, mbona mimi nilifika. Nimemwomba namba zao.